Kisasi cha Mademoiselle Bip

Siku za likizo Priscille alianza asubuhi kwa kufagia ua, kisha akaosha sahani za jana, kisha akamsaidia mama yake kupanga samaki wa moshi waliotoka Yanonge kwa pirogi, yaani mtumbwi. Akimaliza alinawa mikono kwa sabuni na limau, akainusa, akanawa tena. Sababu ni kwamba Sadrack aliwahi kusema mbele ya watu kuwa kibodi ya kompyuta inanuka soko kila Priscille anapotoka kuitumia. Sadrack alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio ulioleta hadithi hii.

Wote wawili walikuwa wanachama wa klabu ya kompyuta nyuma ya karakana ya Tonton Djuma, katika komini ya Kabondo, mjini Kisangani. Tonton Djuma alitengeneza redio na simu upande wa mbele, na upande wa nyuma alifundisha watoto. Alikuwa mpole, ila alichukia mambo mawili: mikono yenye mafuta ya mikate, na uongo.

Mwaka ule kamati ya wazazi wa mtaa ilipata wafadhili wa kuwalipia watoto kumi masomo ya mwaka mzima. Watoto walioandikishwa walizidi thelathini. Mama Georgette, mwenyekiti wa kamati, hakutaka mtu aje kusema kwamba kumepita upendeleo. Akamwomba Tonton Djuma watoto wafanye mtihani kwa simu, na mashine isahihishe yenyewe, kwa sababu mashine haina shangazi.

Katika hao thelathini alikuwamo Nyota, rafiki na jirani wa Priscille. Nyota alifukuzwa shule baada ya Pasaka kwa kukosa karo, na tangu hapo aliuza mikate barabarani pamoja na shangazi yake. Shangazi alikwisha sema waziwazi: Nyota asipofaulu mtihani huu, mambo ya shule yameisha. Priscille aliyajua hayo yote. Alikuwa amekaa na Nyota jioni nyingi wakirudia hesabu na Kifaransa.

Programu ya mtihani waliiandika Sadrack na Priscille. Siku ya kuianza, Tonton Djuma aliwaeleza kwa mfano seva ni nini, yaani ile kompyuta inayozijibu simu zote.

"Seva iko sawa na malewa," alisema. Watoto wakacheka, maana kila mmoja aliwahi kula lituma na pondu katika malewa, vile vihoteli vya pembeni mwa barabara. "Mama wa malewa anasimama kwa mlango. Muteja anafika, mama anamupokea, anamupa musichana mumoja wa kumuhudumia. Kisha mama anarudia mlango, kungojea mwingine. Donc, mama hapana kubeba sahani. Akibeba sahani, nani atafungua mlango?"

Kila msichana wa malewa, katika programu, huitwa uzi. Nyuzi nyingi hufanya kazi pamoja, kila mmoja na mteja wake. Na ule mfereji unaounganisha simu ya mteja na seva huitwa soketi: mteja huuliza kupitia humo, na uzi humjibu kupitia humo humo. Kompyuta ya klabu ilikuwa kuukuu, kwa hiyo Tonton Djuma aliwaambia waweke nyuzi arobaini, zisizidi, isije ikazimia.

Priscille alifikiri kidogo. "Tonton, na muteja akiingia, akikaa, asiagize kitu?"

"Musichana atasimama pale pale na kumungojea."

"Mpaka wakati gani?"

"Mpaka aseme, ao mpaka atoke kwa mlango akiaga. Asipoaga, musichana hatajua kama amekwenda. Hilo mulifikirie ninyi wenyewe."

Priscille alilifikiria. Akaandika mstari mmoja: soketi ikikaa dakika moja bila neno, ifungwe, na uzi urudi kazini. Kila swali la mtihani lilipewa muda usiofika dakika moja, kwa hiyo mstari ule usingemdhulumu mtu. Aliuandika kwa furaha, akaenda nyumbani akiimba.

Kesho yake Sadrack alikuwa ameufuta.

"Unaniharibia programu," alisema. "Nani atakuja malewa bila njaa? Nani atafungua soketi kisha anyamaze?"

"Batu ba hapa banabipa, Sadrack!" alijibu Priscille.

Na ni kweli. Kubipa ni kumpigia mtu simu, ikilia mara moja unakata, ili yeye akupigie kwa uniti zake. Kisangani nzima inabipa. Wachumba wanabipa, wauza samaki wanabipa, hata mapadri wanabipa. Priscille alimaanisha kwamba watu waliozoea hivyo wataigusa seva, watakata, wataigusa tena, na kila mara wataacha uzi mmoja umesimama unangoja. Lilikuwa neno la akili. Lakini Sadrack alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mwanadamu anafanya kazi ya seva, yeye analeta mambo ya bip! Bonjour, Mademoiselle Bip!"

Darasa zima likaangua kicheko. Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa Sadrack ulivunja kitu siku ile. Jina likatoka nje kabla Priscille hajatoka. Vijana wa toleka, wanaobeba abiria kwa baiskeli, wakaanza kupiga kengele kila apitapo: "Bip! Bip!" Watoto wadogo wasiojua hata kompyuta ni nini wakamwita hivyo kisimani. Hata mama mmoja aliyenunua samaki alisema, "Nipe wale wakubwa, Mademoiselle Bip," naye hakuwa na nia mbaya.

Priscille hakulia wala hakumwambia Tonton Djuma kwamba mstari wake umefutwa. Hapo ndipo alipokosea, lakini nani angemwambia? Alikuwa na hasira ya kimya, ile mbaya, inayokula na wewe na kulala na wewe. Alitaka jambo moja tu: kumwona Sadrack amesimama mbele ya kamati nzima na programu yake imekufa, na mama yake mzazi akiangalia. "Bon," alisema moyoni. "Umesema hakuna atakayefungua soketi na kunyamaza. Nitafungua mimi. Nitakubipa mpaka ulie."

Akachukua simu ya zamani ya baba yake, ile yenye kioo kilichopasuka, akaandika humo kiprogramu kifupi. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kugonga mlango wa seva, kupokelewa, kunyamaza, kugonga tena, kupokelewa, kunyamaza, mpaka nyuzi zote arobaini ziwe zimesimama mbele ya wateja wasiosema neno. Alikijaribu kwenye kompyuta ya klabu wakati Sadrack hayupo. Seva ikaganda. Priscille akatabasamu peke yake, na nisiseme uongo, tabasamu lile lilikuwa tamu sana. Utamu wa kisasi huwa mwingi kabla hakijafika.

Jumamosi ya mtihani, ua wa karakana ulijaa. Watoto walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja na simu aliyoazimwa na mjomba, dada au jirani. Wazazi walisimama ukutani. Sadrack alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kuketi mbele ya kompyuta kama mkuu wa shule. Alipomwona Priscille akamkonyeza jicho. "Bip," alisema kwa midomo tu, bila sauti.

Priscille aliingiza mkono mfukoni akabonyeza.

Tonton Djuma alipiga makofi, mtihani ukaanza. Watoto wakagusa simu zao. Kwenye vioo vyote kikatokea kile kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikaendelea kuzunguka.

"Haifunguke!" mtoto mmoja alilia.

"Ya mimi pia!"

Sadrack akainama juu ya kibodi. "Un instant, un instant." Akazima programu, akaiwasha upya. Simu iliyokuwa mfukoni mwa Priscille ikakimbilia mlangoni kabla ya watoto wote, ikazishika nyuzi zote arobaini tena. Viduara vikaendelea. Jasho likaanza kulowesha lile shati jeupe. Mama yake Sadrack akauliza kwa sauti, "Mutoto, kwani hukuijaribu?" na watu wachache wakacheka.

Priscille aliinywa ile sauti ya kicheko kama maji. Kila kitu kilikuwa kama alivyokipanga. Huyu aliyemwita jina mbele ya watu, sasa watu wanamcheka. Alitamani iendelee hata saa nzima.

Mama Georgette akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, asiyependa kupotezewa muda.

"Papa Djuma, minakupa mara moja ya mwisho. Kama mashine inakataa, tutachagua kwa bulletin. Kila mutoto alete bulletin ya trimestre ya mwisho, wa kwanza kumi wataingia. Basi."

Watoto wengi walipumua, maana ripoti hizo za matokeo ya muhula walikuwa nazo nyumbani. Priscille akageuka upande wa mabenchi ya nyuma. Nyota alikuwa ameketi pale na simu ya shangazi yake. Hakuwa na bulletin ya trimestre ya mwisho. Angeipata wapi, na alikuwa amefukuzwa tangu Pasaka? Alikuwa akigusa kioo kwa kidole kimoja, taratibu, akifuta kwa kanga, akigusa tena, kana kwamba kosa ni la kidole chake.

Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa rafiki wa damu wa Priscille. Akatoa simu mfukoni, akaigeuzia ukutani, akachomoa betri. Imekwisha, aliwaza. Sadrack ataiwasha tena, Nyota ataingia, na hakuna atakayejua. Kisasi amekipata, rafiki amemwokoa.

Sadrack akaiwasha kwa mara ya tatu. Swali la kwanza likatokea kwenye simu chache, watoto wakapiga kelele za furaha. Kisha viduara vikarudi.

Priscille hakuamini macho yake. Betri ilikuwa mkononi mwake! Akatazama ua, na mara akaelewa. Watu walikuwa wakibipa. Baada ya kushindwa mara mbili hakuna aliyekuwa na subira tena: huyu anagusa na kukata, yule anazima simu na kuiwasha, mwingine anakimbia nayo barabarani kutafuta mtandao, na kila mmoja anaacha nyuma yake soketi iliyo wazi na uzi unaomngoja asiyekuwapo. Ndugu zao waliosimama ukutani nao walikuwa wanajaribu, kwa kutaka kujua tu. Arobaini zikajaa kwa watu wasio na hatia. Lilikuwa jambo lile lile alilolisema yeye siku ile, naye ndiye aliyewatia watu wote haraka.

"Ni ruta," alisema Sadrack, akinyoshea kidole kisanduku cha mtandao. "Ruta imeharibika."

"Alors, leteni bulletin," alisema Mama Georgette.

Nyota akaweka simu mapajani. Akaanza kufunga kanga yake kiunoni, namna mtu anavyofanya akijiandaa kwenda zake.

"Si ruta!" Priscille alijikuta amesimama katikati ya ua. "Nyuzi zimejaa. Zinangojea watu wasiokuwapo. Rudisheni mstari wangu alioufuta Sadrack, mashine itapona."

"Anza tena na mambo yako ya bip!" Sadrack alifoka. "Tonton, asitupotezee wakati. Anabahatisha."

Tonton Djuma alimtazama Priscille. "Unajua namna gani kama ni nyuzi?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema "nafikiri tu," na Mama Georgette angezidi kuita bulletin, na Sadrack angebaki na aibu yake milele. Priscille alimwangalia Nyota, aliyekwisha simama.

"Minajua kwa sababu mara mbili za kwanza ni mimi nilizijaza," alisema. Akaonyesha simu ya baba yake kwa mkono mmoja na betri kwa mkono wa pili. "Nilifungua soketi arobaini nikanyamaza. Nilitaka Sadrack apate aibu. Hii ya tatu si mimi, ni batu banabipa. Lakini ugonjwa ni ule ule."

Makelele yakapanda uani, na mama mmoja akasema huyo mtoto apigwe. Tonton Djuma hakupoteza muda kukasirika. Aliwanyoshea wote wawili kidole.

"Wewe, andika mustari wako. Wewe uliyeufuta, mukalie karibu umusomee mahali pa kuuweka. Hasira tutaileta kisha."

Wakaketi bega kwa bega, bila kutazamana. Priscille akakosea herufi moja, Sadrack akamwonyesha kwa kunong'ona. Mstari ukarudi mahali pake. Priscille akaomba watu wasikate, kila mmoja aguse mara moja na kungoja, na wasio na mtihani wazime simu. Programu ikawashwa. Kiduara kikazunguka kidogo, na swali la kwanza likafunguka kwenye simu moja, halafu nyingine, halafu mabenchi yote. Wachache waliokimbia na kurudi walikuta mlango umejaa, lakini dakika moja ikapita, nyuzi zilizongoja bure zikarudi kazini, nao wakaingia. Nyota alikuwa wa mwisho kabisa kuingia.

Mashine ilipotoa majina kumi, jina la Nyota lilikuwa la tisa. Shangazi yake alipiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni.

Ndipo Tonton Djuma akaileta ile hasira aliyoahidi. Aliwaita Sadrack na Priscille mbele ya watu, na Mama Georgette akasimama kando, amekunja mikono.

"Sadrack. Mwenzako alikuletea dawa, ukaitupa, ukamupa jina ili batu bamucheke. Leo umeona dawa ilikuwa ya nini. Utamuomba musamaha hapa hapa, na kwa sauti ile ile uliyotumia kumucheka."

Sadrack aliomba msamaha. Mara ya kwanza alinong'ona, Tonton Djuma akamwambia arudie, akarudia.

"Priscille. Wewe ulikuwa na haki, njo maana minakasirika zaidi. Mutu mwenye haki anaibeba mbele ya mukubwa, anasema, tazama. Wewe ulienda kuificha haki yako, ukaifanya silaha. Ulimulenga nani?"

"Sadrack."

"Na ulimupiga nani?"

Priscille akageuka. Nyota alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, naye alikuwa amekwisha elewa yote. Furaha ilikuwa imemtoka usoni.

"Huyu atolewe kwa klabu," alisema Mama Georgette. "Watoto kama hawa ni hatari."

"Mama, aliyeumizwa njo atahukumu," alijibu Tonton Djuma. "Nyota, kuja. Unataka tumufanye nini?"

Nyota alisogea. Macho yake yalikuwa makali, na Priscille alitamani ardhi ipasuke.

"Ulijua sina bulletin," alisema Nyota. "Wewe peke yako ulijua."

"Nilijua."

"Na bado ulibonyeza."

"Nilibonyeza. Nisamehe, Nyota."

"Hapana. Sikusamehe leo." Nyota alikaza kanga. "Minataka kulipiza. Asitolewe. Abaki hapa, na kila jioni anifundishe mambo ya seva, yote anayoyajua, asifiche hata moja. Na siku nitamupita, nitamupita mbele ya batu wote, hapa hapa kwa ua huu, na yeye atapiga makofi."

Watu wakatazamana. Mama Georgette akaachia mikono aliyokuwa ameikunja. Tonton Djuma alicheka, kisha akawageukia watoto waliokuwa mabenchini.

"Mumesikia? Kisasi cha Priscille kilifunga mlango kwa batoto thelathini ili mumoja aaibike. Cha Nyota kinafungua mlango. Mutu akikudharau, batoto bangu, musimuharibie kazi yake. Semeni ukweli kwa mukubwa, kisha fanyeni kazi mpaka mumupite. Hiyo njo itamuuma sana, na haitamuumiza mwingine."

Akamkabidhi Nyota kiti cha mbele ya kompyuta. Priscille akavuta benchi, akaketi pembeni yake, akafuta machozi kwa kiganja.

"Kwanza," alisema, "kuna mama anayesimama kwa mlango."

"Polepole," alisema Nyota, bado amenuna. "Na usiruke kitu."